Ushauri kwa Wanaokwenda Barida

Ushauri wa kwanza ambao Zawena Mhina aliuandika kuhusu Barida ulihusu sweta. Chukua mbili, aliandika, na soksi za sufu juu yake, maana jangwani kule hoteli itakugandisha kabla jua halijapata nafasi ya kukukaanga. Alikuwa ameketi ukumbini akisubiri chumba, amejitanda mtandio hadi masikioni. Nje ya kioo mchanga ulikuwa kwenye nyuzi hamsini na nne, na hatua chache kutoka kitini pake watalii walikuwa wanateleza kwenye barafu huku wakipigiwa kinanda.

Mengine yalikuja yenyewe, kwani kazi hiyo ya kuwashauri wasafiri alikuwa ameifanya miaka tisa. Usinywe maji ya chemchemi za barabarani, ni manukato. Usitoke nje ya kuba la jiji kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni, hata ukiambiwa viatu vyako vinafaa. Usiulize bei ya chai mbele ya mkweo. Na usihangaike kumtafuta mfagizi, mpishi wala mbeba mizigo, kwa sababu hutamwona. Barida yote inahudumiwa na kuta zake.

Lilikuwa jambo la kuchekesha, kwa mwenye moyo wa kucheka. Zamani bibi zetu walikwenda Barida kudeki sakafu za watu. Sasa wajukuu wameneemeka, wanakanyaga sakafu zile zile kwa viatu vipya na kulalamika kwamba mito ni migumu. Kwa miaka miwili watu wa Afrika Mashariki walikuwa wamefurika huko kama wanakwenda harusini, mpaka Ofisi ya Wageni ikaona iwaandikie mwongozo kwa lugha yao. Ikamwita Zawena, kwa kuwa Dar es Salaam nzima haikufunga begi bila kusoma kwanza yeye anasema nini.

Saa nane mchana alipewa chumba namba 6114, ghorofa ya sitini na moja. Alipofungua mlango akakuta mikono miwili inatandika kitanda.

Ilitoka ukutani. Ilikuwa ya mpira mweupe, mirefu kuliko ya mtu, na juu ya viwiko hakukuwa na mwenyewe. Ilishika shuka kwa ncha, ikalikung'uta mara moja, ikaliacha litue, kisha ikanyoosha makunyanzi kwa kiganja, kuanzia katikati kwenda pembeni. Zawena alibaki mlangoni na begi lake. Hivyo ndivyo shangazi yake wa Muheza alivyotandika, na ndivyo alivyomfundisha yeye, kofi moja kwa kila kunyanzi. Mdomo ukamtangulia.

"Pole na kazi," akasema.

"Nishapoa, dada," chumba kikajibu.

Sauti ilitoka juu ya mlango, kwenye kitundu cha kutangazia hatari ya moto. Ilikuwa ya mwanamke, tena kijana, mwenye lafudhi ya pwani ya Tanga. Mikono ikasimama na shuka limeshikwa nusu.

"Dada," sauti ikaendelea, sasa kwa haraka, "wewe umetoka nyumbani? Umesikia lolote? Nimepigiwa simu mchana huu kwamba Kibibi ana homa, hali, hanywi. Homa imeshuka?"

Zawena alihisi nywele za kisogoni zikisimama. "Kibibi nani?"

"Mwanangu. Ana miaka minne. Mie ni Mwanakombo Shehe, wa Bweni, Pangani, ukivuka mto tu. Dada, kwani umeme umekatika? Sioni kitu. Kitanda nakijua, shuka nalijua, ila mikono yangu siisikii."

Zawena aliweka begi chini, akasogea, akaushika mkono mmoja wa mpira bila kujua anatafuta nini. Ulikuwa wa baridi kama kila kitu Barida. Vidole vikamshika kwa nguvu, nguvu ya mtu aliyepata wa kwao ugenini.

"Niambie tu," sauti ikasema. "Hata kama ni baya. Imeshuka?"

Ikauliza hivyo kwa muda wa dakika ishirini, kwa maneno haya na yale, ikilia na kunyamaza na kuuliza tena. Kisha katikati ya neno ikakatika. Vidole vikalegea, vikarudi kitandani, vikamaliza kutandika.

*

Madam Ilham, mkuu wa Ofisi ya Wageni, hakukana kitu, na hilo lilimtia Zawena woga zaidi. Alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, mwenye macho ya kukosa usingizi. Alimmiminia Zawena chai ya tangawizi kwa mikono yake mwenyewe, wakazungumza kwa Kiingereza, ambacho si lugha ya yeyote kati yao.

"Wewe ni wa hamsini na tatu kuja kuniuliza," alisema. "Familia moja ya Morogoro ilikimbia ikaacha mabegi. Baba mmoja wa Mombasa hakutoka chumbani siku tatu, anazungumza na ukuta. Ilibidi tumbebe."

"Yule ni nani, Madam?"

"Yule ni ustadi wa mikono. Au ndivyo tulivyodhani tumenunua."

Miaka arobaini na nane iliyopita, alieleza, Barida ilikuwa na mitambo ya kunyanyua jengo zima lakini haikuwa na hata mmoja wa kutandika kitanda. Shuka ni kitu kigumu. Kila mara linaanguka vingine, na mtambo haujui la kufanya. Basi wafanyakazi wa ndani wakaombwa wavae mkanda kichwani kwa siku arobaini huku wanaendelea na kazi zao. Walitia sahihi. Mkanda ulinakili kile ambacho mkono unakijua, siku baada ya siku, na nakala zikatiwa ukutani. Wenyewe wakarudi kwao wazima. Wengi wako hai hadi leo.

Shida ni kwamba ustadi haukukubali kuja peke yake. Anayejua kutandika ndiye huyo huyo anayewaza nyumbani huku anatandika, na ukichota hiki na kile kinakuja. Mafundi walipogundua, walitengeneza kufuli, yaani mtu alazwe, mkono uachwe. Wakalijaribu kwa lugha ishirini na moja. Wakaziita nakala kwa majina, wakaziuliza, wakaziamrisha, wakazitukana. Hakuna iliyoamka.

"Hakuna aliyejaribu kuwapa pole," Zawena alisema.

"Nani angejaribu? Hatukujua kuna watu wanaomwomba radhi mtu kwa sababu anafanya kazi."

"Siyo kuomba radhi."

"Basi ni nini?"

Tangu azaliwe Zawena hajapata kumpita mtu mwenye jembe, ndoo au ufagio bila kulisema neno hilo, na sasa alipotakiwa kulieleza lilimponyoka. "Ni kwamba nimekuona," akasema mwishowe.

Madam Ilham aliinamisha kichwa. Akaeleza kwamba lile jibu, nishapoa, halitokani na mawazo. Ni zoea la mdomo tu, lilinakiliwa pamoja na kukung'uta shuka, kwa hiyo liko nje ya kufuli. Likitoka, linamvuta mwenyewe nyuma yake. Baada ya dakika ishirini kufuli linajifunga tena na yote aliyoyasikia yanapotea. Akiamshwa tena anaamkia siku ile ile, ya arobaini, mkanda ukiwa bado kichwani.

"Ing'oeni hiyo pole."

"Tulijaribu kwenye vyumba sita. Ustadi wa kitanda ulitoka nayo. Mikono ikawa inachana shuka." Alinywa chai yake. "Vimebaki mia nne na kumi na viwili. Kufuli jingine hatuna, Bi Mhina, isipokuwa ulimi wa mgeni. Nakuomba mstari mmoja kwenye mwongozo wako. Ukiingia chumbani, pita kimya. Wewe watu wenu wanakusikiliza."

"Nisipouandika?"

"Wataendelea kuamka. Kila mgeni wenu, kila siku."

Mwongozo ulikuwa unafungwa kesho saa sita mchana. Zawena alirudi ghorofani amevimba kwa hasira, na uamuzi amekwisha kuufanya ndani ya lifti. Angeandika kinyume chake. Angewaambia watu wote wa kwao wawape pole, chumba kwa chumba, ukuta kwa ukuta, mpaka jiji zima lisikie waliomo ndani yake na lione haya. Aliandika maneno hayo palepale, na yalikuwa mazuri, pengine mazuri kuliko yote aliyowahi kuyaandika. Kilichobaki ilikuwa ni kumpata Mwanakombo Shehe mwenyewe na kumwomba ruhusa ya kutaja jina lake.

*

Binamu yake aliyekuwa muuguzi Pangani alimletea namba asubuhi, kabla hajamaliza kunywa chai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

Zawena alikaribia kuidondosha simu. Ilikuwa sauti ile ile. Ilikuwa imezeeka, imekwaruza, inavuta pumzi katikati ya maneno, lakini ndiyo ile ile. Akajieleza, akaeleza chumba, mikono, mkanda, kufuli la dakika ishirini na ule mstari alioombwa auandike. Bi Mwanakombo alisikiliza bila kuguna. Nyuma yake kuku walikuwa wanalia na mtu anatwanga.

"Mkanda naukumbuka," alisema. "Ulinikuna masikio. Kwa hiyo mie niko huko mpaka leo, natandika?"

"Ni kama hivyo, bibi."

"Makubwa." Akacheka kidogo, kikohozi kikamkatiza. "Na ananena nini?"

Zawena alimwambia.

Kule upande wa pili mtwangaji aliendelea, akapumzika, akaanza tena. Bi Mwanakombo alipozungumza, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Simu ya kwanza ilikuja mchana, ya homa. Jioni wakanivua mkanda. Alfajiri ikaja simu ya pili. Hawakunipa ruhusa ya kwenda kuzika. Nilikaa miezi saba tena nikitandika. Basi huyo wa kwenu hajafiwa."

"Hajajua, bibi. Ndiyo maana nataka watu wamsikie. Wote waliomo humo wasikilizwe. Nikiandika wageni wawape pole, hawa wenye jiji watalala usingizi gani?"

"Watalala vizuri tu. Hebu nikuulize, mwanangu. Wewe una mtoto?"

"Sina, bibi."

"Basi nikuambie. Ile alfajiri niliyoambiwa kafa, niliangua kilio, nikagaragara, wenzangu wakanishika. Ilikuwa mbaya, lakini nililia na siku nyingine ikaja. Ila ule mchana kabla yake, nangoja sijui, mikono iko kazini na roho iko Bweni, ule sitaki kuukumbuka hata leo nina miaka sabini na saba. Sasa wewe unataka kuniamshia mwenzangu mle mle, kila siku, ili wenye jiji waone haya?"

Uso wa Zawena ulimwaka moto. Alitaka kusema kwamba si hivyo, na akaona kwamba ni hivyo hasa.

"Nimwambie ukweli, basi?" aliuliza.

"Ukimwambia atausahau baada ya dakika ishirini. Kisha umwambie tena kesho? Afiwe na Kibibi mara ngapi?"

"Bibi, na mimi sijui tena."

"Mie najua. Mwache alale. Andika hilo neno lao, wageni wapite kimya." Akavuta pumzi ndefu. "Lakini kwanza nimsikie. Mara moja. Iweke simu hapo karibu yake, na wewe ukishampa pole usinene kitu tena."

Zawena hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Ila moyoni alijua kuna jambo linalokwenda kombo, na jambo lenyewe lilikuwa hesabu nyepesi: Bi Mwanakombo ni mmoja, na vyumba ni mia nne na kumi na viwili, na wengine waliomo humo hakuna aliyewauliza. Alimpigia Madam Ilham kuuliza kama ule ushauri unaweza kuwa wa chumba 6114 peke yake. Madam Ilham alijibu kwa upole kwamba mgeni hachagui chumba, na kuta zote zina mikono ya aina moja. Ama wageni wote wapite kimya au wote waongee.

*

Mikono ilitoka saa nne asubuhi kubadilisha shuka. Zawena aliiegemeza simu kwenye mto, akaongeza sauti hadi mwisho, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Pole na kazi," akasema.

"Nishapoa, dada." Mikono ikasimama. "Dada, wewe umetoka nyumbani? Umesikia lolote? Nimepigiwa simu mchana huu..."

"Mwanakombo," simu ikaita.

Shuka likateleza kutoka kwenye vidole, likaanguka sakafuni.

"Nani huyo? Mbona sauti kama ya mama?"

"Ni mie hapa, jirani. Nakupigia kutoka kwako." Yule mzee alizungumza polepole, kwa uangalifu, kama anayevuka mahali penye utelezi. "Homa imeshuka. Tangu tulipokupigia tumemkanda maji. Ametoka jasho, sasa hivi ameomba uji."

"Ameomba mwenyewe?"

"Mwenyewe. Tena ameuliza kwa nini hauna sukari."

Chumba kikacheka. Kicheko kilitoka kwenye kile kitundu cha kutangazia moto, kikavunjika kikawa kilio, kikarudi kuwa kicheko, na mikono miwili mirefu ikapanda juu ikatafuta uso wa kujifunika na haikuupata. Ikapapasa hewani pale ambapo kichwa kingekuwa. Zawena alijiuma kidole ili asipige kelele.

"Alhamdulillahi," sauti ikasema. "Alhamdulillahi. Nipe nimsikie. Neno moja tu, nisikie sauti yake, kisha nirudi kazini."

Kwenye simu hakukuwa na kitu ila kuku. Zawena alisogea aichukue, aikate, aseme mtandao umegoma, aseme lolote. Alikuwa ameshanyoosha mkono wakati sauti nyingine ilipotoka. Ilikuwa nyembamba, ya puani, ya mtoto aliyeamshwa. Kilichomtisha Zawena ni kwamba haikuwa na mzaha hata chembe. Bi Mwanakombo aliikumbuka sauti ile kwa miaka arobaini na nane, na sasa aliitoa yote ilivyo.

"Mama," ikasema. "Mama, uji una moto."

"Upulize, mama'ngu. Upulize polepole."

"Napuliza."

Ikapuliza kweli. Zawena alisikia ile pumzi ndogo ndogo ikitoka kwenye simu, juu ya mto mweupe, na mikono ya mpira ikainama kuifuata, viganja vikiwa wazi, mpaka ikakaribia kuigusa simu.

"Unakuja lini?" sauti ya mtoto ikauliza.

"Mwezi wa saba, in shaa Allah. Nitakuletea viatu vya kung'aa."

"Vyekundu."

"Vyekundu."

Wakaendelea hivyo dakika zote zilizobaki, mwanamke mmoja pande zote mbili za simu, wakizungumza viatu, paka wa jirani, na nywele zisukwe vipi. Kisha katikati ya neno chumba kikanyamaza. Mikono ikaokota shuka, ikalikung'uta mara moja, ikaendelea.

Zawena alichukua simu.

"Kalala?" Bi Mwanakombo aliuliza, kwa sauti yake mwenyewe.

"Kalala, bibi."

"Asiamshwe tena. Niahidi."

Zawena aliahidi. Alipokata simu alilia, kwa sauti, akiwa peke yake na ile mikono iliyokuwa inabana pembe za shuka. Saa tano na nusu alifuta ule ukurasa wake mzuri wa hasira, akaandika mstari mmoja kama alivyoagizwa. Ukiingia chumbani, au ukiona mikono inafanya kazi mahali popote Barida, pita kimya, usiwape pole. Hakuweka sababu. Alijua watu wake watakereka, watanung'unika kwamba ni ushauri wa kikoloni, kisha watautii kwa kuwa ni yeye aliyeandika. Madam Ilham alimjibu kwa neno moja la shukrani.

Alifunga begi lake mwenyewe. Alipogeuka kutoka, mikono ya 6114 ilikuwa inapangusa meza, na yeye akaipita bila neno, akafunga mlango nyuma yake polepole. Hilo aliliweza. Alikuwa na ahadi ya kumshikilia.

Lifti ilichelewa. Kando ya mlango wake, mikono mingine ilikuwa inafuta reli ya shaba. Haikuwa ya Mwanakombo. Hii ilikuwa na namna yake, ilifuta kwa kuzungusha na kila baada ya hatua ikagonga reli mara mbili kwa kifundo cha kidole, zoea la mtu fulani wa mahali fulani, ambaye Zawena hakumtafuta kwa simu kumwuliza, wala hakujua siku yake ya arobaini ilikuwa ya nini. Huenda ilikuwa ya harusi, siku ya kutamani kuiamkia. Mikono ilimsikia akikaribia, ikapunguza mwendo.

Neno lilimjia mpaka kwenye meno. Zawena alilimeza, akakaza macho kwenye namba za lifti. Mikono ikasubiri kidogo, halafu ikaendelea kufuta.